Albamu Isiyo na Mdomo

Nimepiga gitaa Unguja tangu sijaota ndevu, na sasa ndevu zenyewe zina mvi. Nimepiga kwenye hoteli za Mji Mkongwe watalii wakitafuna pweza, nimepiga harusini, na zaidi ya yote nimepiga nyuma ya waimbaji wa taarab. Anayejua taarab anajua mambo ya kutunza: ubeti ukimgusa mtu, anainuka na noti yake juu, anakwenda mbele kwa madaha, anampa mwimbaji. Njia ya kwenda kwa mwimbaji hupita mbele ya gitaa langu. Miaka yote hiyo noti zimenipita puani, na hakuna hata moja iliyopotea njia. Iliniuma, sisemi uongo.

Ndiyo maana katika albamu yangu ya kwanza ya peke yangu, jazi iliyochanganywa na fanki, sikumweka mwimbaji. Niliirekodi katika chumba kimoja cha Mtoni, kuta zimefunikwa magodoro, jasho likinitoka kama mkaanga mandazi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mdomo usipokuwepo, atatunzwa nani kama si mimi?

Siku ya uzinduzi tulikodi ukumbi karibu na Amani, tukaanza alasiri ili kina mama waje. Wakaja wamependeza, udi ukifika kabla yao. Nikapiga wimbo wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Walinitazama kwa adabu, kama watu wanaomsubiri daktari. Roho ilinishuka.

Katika wimbo wa tatu, bi mkubwa mmoja akainuka. Noti juu, hatua za taratibu, na moyo wangu ukidunda kuliko ngoma. Akafika mbele, akanitazama, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akasimama kwenye maikrofoni iliyokuwa haina mtu.

"Shikamoo," nikamwambia, vidole havijatoka kwenye nyuzi.

"Marahaba. Mwimbaji nnamtafuta simwoni."

"Hayupo, bi mkubwa. Linaimba gitaa."

"Haya. Linamsema nani?"

Fanki haimsemi mtu kama taarab inavyomsema. Lakini ningemwambia hivyo angerudi kukaa, na ukumbi mzima ungebaki vitini.

"Linamsema yule hasidi wako."

"Yupi?"

"Unamjua mwenyewe."

Akafikiri kidogo, akatabasamu, akageuka na kumtikisia noti mtu fulani wa safu za nyuma. Yule wa nyuma naye akainuka kujibu. Punde wote walikuwa mbele, kila mmoja na hasidi wake, kwa wimbo mmoja usio na neno hata moja. Noti zikanijaa kwenye kola na kwenye kofia, nyingine zikanasa kwenye nyuzi na kuharibu sauti. Nilifurahi mpaka nikakosea mahali ambapo sijawahi kukosea.

Mwisho akaja mke wangu, ambaye tangu nimuoe sijamwona akimtunza mtu. Alikuja polepole, noti juu, hacheki.

"Na wewe," nikamuuliza, "hasidi wako nani?"

Akaligonga gitaa kwa ile noti, kisha akaibandika kwenye paji langu la uso.

"Huyu hapa," akasema, akilionyesha gitaa. "Tangu unioe nnalala naye chumba kimoja."

Nikaendelea kupiga, na kwa mara ya kwanza nikatamani mwimbaji angekuwepo, amjibu kwa niaba yangu.