Kuulizwa Mara ya Tatu

Katika gereza lile la kaskazini, ambako theluji hukaa mpaka watu wanasahau rangi ya ardhi, kila asubuhi kidirisha cha mlango kilifunguliwa na askari akauliza, "Namekawa, kuna lolote?" Na kila asubuhi Namekawa Chizuru, amepiga magoti kwenye mkeka, mikono juu ya mapaja, alijibu, "Hakuna, Mzee." Wafungwa wa huko humwita mzee askari anayewasimamia, hata awe mdogo kwao. Huyu wa Chizuru alikuwa mtu mzima kweli, mwenye kikohozi na goti bovu. Alisikia jibu, akafunga kidirisha, akaenda mlango wa pili.

Lilikuwapo, tena si dogo. Lakini Chizuru alilelewa katika nyumba ambayo kumsumbua mtu lilikuwa kosa baya kuliko kufa. Baba yake, fundi wa tatami, ile mikeka minene ya majani inayofunika sakafu nzima, aliwahi kumaliza kushona mkeka wa mteja mpaka pindo la mwisho huku kidole tumbo kimempasukia. Kwenye mazishi yake watu wakamsifu kwa hilo. Mama yake, Bi Tomie, alimfundisha mapema: ukikaribishwa keki ya mchele kwa jirani, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa tena. Mara ya tatu ndipo unapokea, kwa mikono miwili. Mwenyeji naye anajua, kwa hiyo hachoki kukaribisha. Watu wa huko wanaishi hivyo, na mambo huwaendea vizuri maadamu anayekaribisha naye anajua kuhesabu.

Alizaliwa akaandikishwa mvulana. Akajifunza kazi ya baba, akaoa kwa kuwa nyumba ilitaka mrithi, akapata binti, Kotoha. Mke aliondoka bila ugomvi, akaolewa kwingine. Mtoto akabaki. Alipofika miaka thelathini, Chizuru alichoka kujifanya mtu asiyekuwa yeye. Akaenda kwa madaktari, akapasuliwa, akaondolewa kile kilichokuwa kikitengeneza homoni za kiume mwilini mwake, na tangu hapo akawa anachomwa sindano ya homoni za kike katika kliniki ndogo iliyokuwa juu ya duka la dobi. Mwili ukatulia kama nyumba iliyorudiwa na mwenyewe.

Mahakama ilimpa jina jipya. Kubadilishiwa jinsia ikamnyima, kwa sababu alikuwa na mtoto mdogo, na sheria ya wakati ule haikutaka mtoto awe na mzazi wa namna hiyo kwenye karatasi, ingawa mezani alikuwa naye kila siku. Kotoha hakusumbuka. Jina la baba halikufaa tena, mama lilikuwa na mwenyewe, basi akamwita Chii, mambo yakaisha. Bi Tomie ndiye aliyenuna majira mazima. Kisha siku moja Chizuru alikuta karakanani aproni mpya ya kike, na ndani ya pindo limeshonwa jina: Chizuru. Bi Tomie hakusema neno, na mwanawe hakuuliza. Wote wawili walikula chakula cha mchana wakiwa na furaha ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja.

Halafu ikaja ile Februari. Chizuru alikuwa anapeleka mikeka kwenye nyumba ya wageni mlimani, amekesha akiishona, na kwenye kona gari likateleza. Mzee mmoja aliyekuwa anazoa theluji mbele ya nyumba yake akafa palepale. Chizuru hakujitetea. Yeye na mama yake walikwenda kwa wafiwa, wakainama mpaka paji la uso likagusa ardhi, na mlango haukufunguliwa. Akahukumiwa miaka mitatu na ushee. Karatasi ilisema mwanamume, akapelekwa kwa wanaume, akawekwa peke yake.

Siku ya kwanza walimnyoa nywele. Alilia kimyakimya, akidhani hilo ndilo kubwa litakalompata humo.

Alipoomba sindano yake, daktari wa gereza alimwambia kwamba pale hawatoi dawa za urembo. Chizuru alimweleza kwa upole kwamba mwili wake sasa hauna homoni za kike wala za kiume, na daktari wake wa nje alimwonya kwamba akikaa hivyo mifupa italika. "Hakuna aliyewahi kufa kwa hilo," daktari akasema. Chizuru akamshukuru kwa muda wake, akatoka. Ndiyo, alimshukuru. Inauma kulisimulia, lakini ndivyo alivyofanya.

Mwili ukaanza kumgeuka. Theluji nje imefika dirishani, na yeye ndani anawaka moto, jasho linalowesha nguo, kisha baridi inamrudia mara mbili. Usingizi ukamhama. Vifundo vya mikono, wa kushoto zaidi, vikauma hata kwa kushika bakuli la supu. Akajikaza kisabuni, na sabuni inajulikana inavyokwisha.

Mzee wa kikohozi, alipojua kuwa huyu ni fundi, alimletea mikeka chakavu ya gereza aishone upya badala ya kubandika mifuko ya karatasi. Alikuwa anasimama mlangoni kutazama. "Namekawa," alisema siku moja, "mkeka wako umenyooka kuliko mgongo wangu." Chizuru alicheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Usiku ule mgongo wake mwenyewe ulimuuma mpaka akang'ata blanketi, na asubuhi akajibu hakuna.

Nje, daktari wa kliniki hakukaa kimya. Alimpata wakili, mwanamke mmoja mwenye miwani mikubwa na maneno makavu, ambaye aliwabana wakubwa wa gereza mpaka wakakubali kuleta mtaalamu kutoka mjini. Neno la mtaalamu huyo ndilo litakaloamua. Akisema mfungwa anateseka na anahitaji sindano, atachomwa. Akisema la, basi.

Wakili alikuja mwenyewe kwenye kioo cha wageni. "Mwambie kila kitu," alisema. "Nakujua wewe, na mama yako nimeshakutana naye. Usimwonee haya. Ukijifanya mzima umekwisha." Chizuru akaahidi. Alirudi chumbani akajizoesha kwa sauti ya chini: mifupa, jasho, usingizi, mkono wa kushoto. Alijizoesha kila siku, kama mtoto anayekariri shairi la shule.

Mtaalamu akaja siku ya tufani. Alikuwa mzee mpole wa nywele nyeupe, viatu vimelowa. Treni ilimchelewesha njiani. Aliinama kumsalimu Chizuru kwa heshima, akamwita kwa jina lake na kumpa "bibie", na yeye hakuwa ameitwa hivyo tangu anyolewe. Hilo ndilo lililomponza. Angekuwa mkali, Chizuru angesema. Lakini mbele ya mzee aliyelowa viatu kwa ajili yake, aliona aibu ya kuja na malalamiko.

"Unateseka?" mtaalamu aliuliza.

"Hapana, si kitu cha kusumbua watu," Chizuru akasema. "Samahani sana kwa safari ya mbali namna hii."

"Kweli huna maumivu?"

"Navumilia. Ninyi ndio mnaopata taabu."

Akatulia, ameinamisha macho, na maneno yote yamejaa kinywani yanangoja. Mifupa, jasho, usingizi, mkono wa kushoto. Alikuwa anangoja mara ya tatu. Mtaalamu alimtazama kwa muda. Labda alihisi kumwuliza zaidi kutamfedhehesha mbele ya askari, maana hiyo nayo ni adabu ya huko. Labda aliwazia treni ya kurudi. Aliinama, akamtakia afya njema, akavaa koti. Mlango ulipofungwa Chizuru alibaki amepiga magoti kama mtu aliyeachwa na wageni waliosahau kumuaga.

Jibu lilikuja kabla theluji haijaanza kuyeyuka: mfungwa mwenyewe amesema hateseki. Wakili alipiga ngumi kwenye kioo mpaka akaonywa. Chizuru akamwomba radhi.

Asubuhi moja alikuwa anainua godoro lake kulikunja. Kitu kikalia ndani ya mgongo wake, mlio mdogo mkavu, akaanguka juu ya mkeka alioushona mwenyewe. Walimpeleka hospitali ya mji akiwa na pingu. Daktari kijana wa huko aliitazama picha ya mifupa, akamtazama mgonjwa, akauliza kama picha hazikuchanganywa, kwa sababu uti wa mgongo ule ulikuwa wa ajuza na mgonjwa alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alipoelezwa akakasirika, akaagiza sindano ianze mara moja. Gereza likajibu kwamba suala hilo limeshaamuliwa, na kwamba mfungwa hakuwahi kusema lolote.

Mzee wa kikohozi alikaa kando ya kitanda chake. "Nimekuuliza kila asubuhi, Namekawa," alisema. Hakuwa anamlaumu. Alikuwa ameumia.

"Ndiyo, Mzee. Samahani kwa usumbufu."

Aliporudishwa gerezani, Bi Tomie alikuja na Kotoha. Chizuru aliingia amejishikiza ukutani, amepinda, akaketi taratibu upande wake wa kioo. Mtoto alikuwa amerefuka na ana chunusi puani.

"Chii, mbona umekuwa mfupi?"

"Wewe ndiye umerefuka. Bibi yako anakulisha nini?"

Kotoha hakucheka. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Niambie habari za shule."

Msichana akayatazama mapaja yake. Bi Tomie alisogea mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. Mwanamke huyu hakuwahi kumgombeza mtu mbele za watu. Alikuwa amesafiri siku nzima na mkoba wa vyakula alivyojua havitaruhusiwa kuingia.

"Chizuru," alisema, "nakuuliza mara ya tatu."

Chizuru akainua uso. "Naumwa, mama. Naumwa mno. Nilikuwa nangoja yule daktari aniulize tena, hakuniuliza."

Bi Tomie alifumba macho. Alijua nani alimfundisha kungoja. Aliweka kiganja chake juu ya kioo, na Chizuru akaweka chake, na askari akatangaza kwamba muda umekwisha.

Sindano ilikuja mwishoni, afadhali lisemwe sasa. Ilikuja miti ya plamu ilipochanua, kifungo kimebaki kidogo. Lakini mgongo haukunyooka tena, na fundi wa tatami asiyeweza kuinama na kubana mkeka kwa goti si fundi tena. Karakana ya Namekawa ilifungwa, na sindano ndefu za kushonea za baba yake zikauzwa kwa watu wa mji mwingine.

Tukirudi nyuma, asubuhi baada ya ziara ile ya Bi Tomie, kidirisha kilichelewa kufunguliwa kuliko kawaida. Mzee hakuuliza kwanza. Aliinama na goti lake bovu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mama wa Chizuru yuko mapokezi. Jana alipiga magoti sakafuni, yeye na mjukuu wake, akasema hatoki mpaka mkuu wa gereza na daktari wamwone. Walipomwuliza amekuja kufanya nini, alijibu kwamba amekuja kusumbua watu. Walifunga ofisi wakamtoa, na leo walipofungua alikuwa wa kwanza mlangoni, theluji mabegani.

"Wamemkaribisha chai, akakataa," Mzee alisema. "Wakamkaribisha tena, akakataa." Akakohoa. "Na mara ya tatu amekataa."

Chizuru aliweka mkono kinywani. Katika maisha yake yote hakuwahi kusikia mtu akikataa mara ya tatu, sembuse mama yake.

Mzee akasimama wima, akarekebisha kofia, akauliza kama kanuni inavyotaka. "Namekawa, kuna lolote?"

"Lipo, Mzee," Chizuru akasema, na akaanza na mifupa.