Fimbo ya Mkono wa Shoto

Kamba ya mkonge ikilowa hutoa harufu ya uchachu, na harufu hiyo mimi siivumilii. Juzi nilipita mbele ya duka moja hapa Ngamiani, mvua imetoka kunyesha, na mwenye duka alikuwa ameacha marobota ya kamba nje barazani. Kifundo cha mkono wangu wa kushoto kikaanza kuwasha. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, lakini nilisimama pale nimekunja uso mpaka yule kijana wa dukani akaniuliza, "Mzee wangu, kuna mtu kakuudhi?" Nikamwambia yupo, ila keshazikwa zamani.

Huyo ni Mjomba Salehe. Mungu amrehemu, na amrehemu Yeye, maana mimi bado sijaweza.

Miaka ya hamsini, zama za Mwingereza, mimi na mama tuliishi Kigombe, nyumbani kwa mjomba huyo, kaka yake mama. Baba alifariki nikiwa mchanga. Tulikula kwa mjomba, tukalala kwa mjomba, na neno lake halikuwa na wa kulijibu. Mimi nilizaliwa na shoto. Kijiko, jiwe, kalamu ya chuo cha Kurani, vyote nilivishika kwa mkono wa kushoto kabla sijafikiri. Mjomba alinivumilia mpaka siku nilipochota wali kwa mkono huo kwenye sinia, mbele ya wageni wake. Akalisukuma sinia kando. "Mwanaisha," akamwambia mama, "mkono huo ni wa chooni. Ufunge."

Kuanzia kesho yake, kila asubuhi, mama aliufunga mkono wangu nyuma, kiunoni, kwa kamba ya mkonge aliyoilowesha kwanza ili isinichune. Nilifunguliwa kwa kutawadha, kuswali na kwenda chooni, kisha nikarudishiwa pingu zangu.

Mjomba alikuwa na mtoto wa kiume, Athumani, aliyenizidi umri kidogo na mwili sana. Kwake yeye kufungwa kwangu kulikuwa sikukuu. Kila alasiri alinijia uani na fimbo yake ya mpera, eti tucheze kirumbizi. Kirumbizi, kwa asiyekijua, ni mchezo wetu wa fimbo wa harusini: ngoma na zumari vinalia, watu wamezunguka, wawili wanaingia kati, na atakayeguswa kichwani ametoka. Ni mchezo wa heshima. Sasa niambieni nyinyi, kuna heshima gani kumchezea mtu aliyefungwa? Alinitandika kichwa, masikio na mabega, na watu wa nyumba wakacheka. Mjomba naye alicheka, amekaa na kikombe chake cha kahawa. Hasira ya kicheko kile ndiyo iliyonifundisha kupigana, maana mwalimu mwingine sikuwa naye.

Mama alikuwa akianika kanga zake uani. Kaskazi ikivuma, kanga zile hurusha pindo huku na huku, wala huwezi kujua itakujia ya upande gani. Nikaokota mpini wa jembe uliovunjika, nikaingia katikati ya kanga hizo. Sharti langu lilikuwa moja, kanga isiniguse. Mtu mwenye mikono miwili husimama akakinga. Mimi nilijifunza kutokuwepo. Nilisimama kiubavu, upande uliofungwa nimeuweka nyuma. Pindo likija, nazunguka kwa kisigino, naliacha lipite, halafu naingia kwa hatua fupi. Wakati wa kutawadha, kamba ikiwa imefunguliwa, niliiba muda kidogo nikarudia yaleyale kwa mkono wa kushoto, na mkono ule ulikuwa na njaa, ukaenda kasi kuliko macho yangu. Ndipo nikagundua jambo ambalo sikuonyeshwa na mtu: nikiwa nimegeuka, naweza kuipitisha fimbo nyuma ya mgongo kutoka mkono mmoja kwenda wa pili, na mwenzangu asijue. Mtindo ule niliuita Kombo, kwa kuwa haukuwa na kitu kilichonyooka. Nilitoboa kanga mbili za mama, nikachapwa kwa zote mbili, na mama akaihamishia kamba ya kuanikia upande wa banda la kuku. Nami nikahamia huko.

Ikaja harusi ya binti wa mjomba. Mama hakutaka nionekane na kamba mbele ya wageni. Akanivika kanzu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Leo tumia wa kulia, mwanangu. N'stiri."

Alasiri, kabla ya wakubwa kuingia, watoto tukapewa uwanja. Athumani aliwatoa wenzake mmoja baada ya mwingine, kisha akaninyooshea fimbo. "Njoo, Shoto. Leo hukufungwa, huna la kusingizia." Niliingia. Nilitaka mjomba aone. Nilitaka aache kucheka, basi.

Athumani alizoea kunipiga nikiwa nimebanwa ukutani. Alipiga, sikuwepo. Akapiga tena, fimbo yake ikafukua mchanga. Watu wakaanza kusogea, mpiga zumari akaongeza mwendo. Nikazunguka, nikaipitisha fimbo nyuma ya mgongo, nikatokea upande asioutazama, nikamgusa utosini. Nilimgusa kwa upole kabisa, ili kila mtu aone kwamba ningeweza zaidi.

Walishangilia. Kwa muda mfupi sana, walinishangilia mimi.

Mjomba akaingia uwanjani, zumari ikanyamaza. Akaninyang'anya fimbo, akaushika mkono wangu wa kushoto, akauinua juu kama anayenadi samaki. "Mkono wa shetani huu," akasema. "Pigo la shoto halihesabiwi. Aliyeshinda ni Athumani." Wale wale waliokuwa wakinishangilia wakatazama chini, na mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na wanawake wenzake, akashusha kanga usoni.

Miaka mingi baadaye, huko Mwera, nilimwona bwana mmoja wa shoto akicheza kirumbizi na kushangiliwa na kijiji kizima. Nikawauliza wazee kama pigo lake linahesabiwa. Walinitazama kama niliyeuliza iwapo maji yanalowesha. Hawakuwahi kusikia kanuni ile. Mjomba aliitunga palepale uwanjani. Nikaelewa, nimeshachelewa, kwamba siku ile shetani hakuwepo wala dini haikuwemo. Alikuwepo baba aliyeona mwanawe anaaibika mbele ya wageni. Wapo wanaoniambia nimshukuru, eti bila kamba yake kusingekuwa na Kombo. Wamshukuru wao.

Kushindwa ningekusahau, na vile vicheko vyote pia. Ninachoshindwa kumsamehe ni kwamba aliposema mkono wa shetani, nilimwamini.

Asubuhi iliyofuata harusi ile, mama alichelewa kuniita. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, kamba iko kando yake, kavu. Nadhani hakutaka. Nikaiokota mwenyewe, nikaichovya kwenye ndoo, nikampa, nikageuka na kuuweka mkono wangu nyuma, kiunoni. Alifunga polepole sana. Akaniuliza, "Inauma?"

Nikamwambia, "Kaza, mama."