Makundi Matatu ya Tembo Wale Wale

Shemeji yangu anaongoza watalii Ngorongoro, na kila akirudi nyumbani Ganako huja na jambo jipya la kutufundisha. Safari hiyo alikuja na mtandao wa kijamii usio na mwenyewe.

"Hakuna bosi, shemeji," aliniambia. "Anayetaka anafungua seva yake, na seva zinaongea zenyewe kwa zenyewe."

Akatufungulia kundi la kutahadharishana tembo wanapotoka msituni kuja mashambani. Lilikuwa wazo zuri, nikajiunga.

Haikupita muda, waongozaji wenzake wakagombana naye juu ya nani awe msimamizi, wakafungua kundi lao kwenye seva nyingine. Jina lile lile, picha ile ile ya tembo. Wanakwaya wa kanisani kwetu nao, waliochoshwa na matusi ya waongozaji, wakafungua la kwao. Seva ziliongea, labda, lakini aliyeandika kwenye kundi moja hakusomwa na wa kundi lingine. Ungedhani msitu ule una tembo wa waongozaji, tembo wa kwaya na tembo wa shemeji yangu.

Jioni moja, jua likiwa bado lipo, jirani anayeishi karibu na msitu aliona tembo wanavuka korongo. Akaandika upesi kwenye kundi la kwaya. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi, nasoma kundi la shemeji. Humo wanaume wazima walikuwa wanabishana kundi lipi ndilo halisi. Mmoja aliandika maelezo marefu kuliko mahubiri kuhusu uhuru wa seva. Mwingine akataka kura ipigwe. Wakati huo tembo walikuwa ng'ambo ya kilima, kwenye mahindi ya mama mmoja mjane.

Asubuhi nilimkuta yule mama amesimama katikati ya mabua yaliyolazwa.

"Mwanangu, hukuona ujumbe?"

"Niliona mjadala, mama."

"Mjadala wa nini?"

Nikamweleza. Alinitazama kama anayemsikiliza mlevi. "Kumbe tembo wana umoja kuliko ninyi," akasema, akainama kuokota magunzi.

Jumapili baada ya ibada tukakaa kikao. Makundi yaunganishwe! Tukapiga makofi. Kila msimamizi akakubali, mradi wengine wahamie kwake. Kabla sijafika nyumbani, simu ikalia: kuna mtu amefungua kundi la nne, eti la umoja.

Yule mama akaenda Karatu mjini akanunua vuvuzela. Mahindi ya msimu uliofuata yalipoanza kubeba, tembo wakatoka tena mchana kweupe. Aliipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Tulitoka sote, wanakwaya kwa waongozaji, tukapiga madebe na kupayuka mpaka wakarudi msituni.

Shemeji alitukuta njiani, anahema, simu mkononi.

"Mbona hamkuandika?"

Mama alimtwisha debe lake, akatangulia.