Punguzo la Dawa ya Mama

Krech, krech. Mkasi unakata katikati ile karatasi ngumu ya vidonge inayong'aa. Sauti hiyo ninayo sikioni mpaka leo, na siku niliyoisikia nilitabasamu.

Mama alichomwa mguuni na mwiba wa samaki, hapa kwetu Lituhi. Tukaosha kwa maji ya chumvi, tukaendelea na kazi. Haukupita muda mguu ukavimba, ngozi ikang'aa kama bilinganya. Zahanati wakamwandikia dawa ya kuua vijidudu, anywe mpaka dozi iishe, lakini kwao haikuwepo. Ya duka la hapa kijijini bei ilitushinda.

"Nenda Mbinga," mama akasema. "Kule maduka yamejaa, wanagombania wateja. Na wewe mdomo unao, watakupunguzia."

Nilijiamini kweli. Mimi ndiye ninayenunua usipa, dagaa wa ziwa letu, kwenye mitumbwi, mama anaanika. Na ufukweni bei haishuki kwa maneno, inashuka ukigeuza mgongo. Unataja yako, mvuvi anakataa, unaondoka taratibu kama mtu asiye na shida, na hujafika mbali unasikia, "Dada, rudi basi." Jambo moja tu: usionyeshe kwamba unahitaji. Ukionyesha shida, umeumia.

Gari likipanda milima nilikuwa nishaitumia chenji yote kichwani. Soda ya mama. Kisha siku moja duka langu la samaki palepale mjini, lenye friji.

Duka la kwanza alikuwepo baba mmoja mwenye kofia nyeupe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, binti." Akasoma karatasi ya zahanati, akataja bei. Nikataja yangu, ndogo kidogo kuliko niliyokuwa nayo.

"Dawa haina mnada, mwanangu. Unadhani nauza nyanya?"

"Nyanya zingekuozea, baba, ungepunguza mwenyewe."

Akacheka mpaka kofia ikasogea. Nikajua nimempata. Nikageuza mgongo, nikatembea polepole, nikasimama kutazama vitenge nisivyovitaka, sikio langu likiwa nyuma. Hakuna aliyeita. Nilipochungulia, alikuwa anamhudumia mtu mwingine.

Nikaenda duka la pili, na jingine tena. Kote niligeuza mgongo, kote kimya. Na kote sikusema hata neno moja juu ya mguu wa mama. Mwishowe nikameza aibu, nikarudi kwa yule baba nimweleze yote, mguu ulivyo, hela iliyopungua. Mlango ulikuwa umefungwa. Ilikuwa Ijumaa, amekwenda kuswali, na gari la kurudi lilishaanza kupiga honi stendi.

Karibu na stendi palikuwa na duka dogo, anauza dada wa rika langu. Akaitazama hela yangu.

"Hii inatosha nusu dozi na nauli yako. Nikukatie?"

"Nikatie, dada."

"Akipata nafuu urudi umalizie."

Ndipo mkasi ukalia. Nami nikatabasamu, kwa sababu hatimaye mtu alikuwa amekubali hela yangu.

Mama aliwaambia majirani kwamba nimejua kununua. Na vidonge vilifanya kazi, uvimbe ukanywea, mama akawa anatembea uani akiwatania watu. Vikaisha. Nikajisemea moyoni tukiuza usipa nitakwenda kumalizia, lakini ziwa likachafuka, mitumbwi ikalala mchangani siku baada ya siku. Uvimbe ukarudi, safari hii na harufu.

Tulipompeleka hospitali kubwa, daktari akamuuliza, "Mama, dozi ulimaliza?"

"Nilimaliza, baba. Vyote alivyoniletea binti yangu."

Alisema kwa kujivunia. Daktari akanitazama. Akasema dawa ile haitasaidia tena, na mguu hauna budi kukatwa chini ya goti. Mama akageukia ukutani. 

Nikatumwa nyumbani kuchukua kanga zake. Nikazikunja, nikazifunga, lakini sikuweza kuondoka. Nikachukua panga nikaenda kwenye kichanja anachoanikia usipa. Nguzo zake zilimfika mama kifuani akiwa amesimama. Nikazikata moja baada ya nyingine mpaka kichanja kikashuka karibu na ardhi. Halafu nikakaa chini mchangani kama atakavyokaa mama, miguu nimeikunja, nikanyoosha mkono kuona kama unafika ukingo wa pili.