Sentimita Tisa

Kwa miaka ishirini na sita, fundi cherehani mmoja aliishi kwa kutazama shingo za watu. Ukimwendea kushonesha shati, atakuzungushia utepe, atapenyeza kidole kimoja kati ya utepe na ngozi, kisha akwambie, "Usimeze mate, bwana, utaniharibia kipimo." Alipofikisha miaka hamsini na mbili mgongo ukaanza kulalamika, na mkewe akampeleka kwenye ukumbi wa karate kama anayepeleka mtoto shule.

"Nenda ukanyooke, baba watoto. Umekuwa kama ndoano."

Mgongo ulinyooka. Kilichogoma ni wepesi. Ngumi ikija, yeye huikinga ikiwa imeshafika na kurudi kwao. Kila Jumamosi mwalimu aliwapima kwa rula ya mbao: anaishika juu, wewe unaacha vidole wazi huku chini, anaiachia bila kusema, unaidaka. Halafu inasomwa ni sentimita ngapi zimekuponyoka. Fundi alikuwa wa sentimita ishirini na tisa, na siku nyingine rula ilifika sakafuni bila kuguswa.

"Mzee, tukutegee ndoo?" vijana walimuuliza.

Basi Jumamosi moja macho ya fundi yalichoka kuitazama rula, yakapanda yenyewe mpaka yalikozoea, shingoni mwa mwalimu. Akaona kikoromeo kikipanda, kikishuka, na rula ikaachiwa. Mara ya pili vilevile. Bila kujijua, mwalimu alikuwa anameza mate kabla ya kuachia. Tangu hapo fundi hakuwa na haja na rula. Kumi na nane. Kumi na mbili. Tisa.

Wakamwita Radi. Mwalimu akamsimamisha mbele kama mfano. Yeye ajuaye vitambaa alijua fika kwamba kilemba kile ni cha ukoka, akakivaa hivyohivyo.

Aliyemwamini kuliko wote pale ukumbini alikuwa mwanafunzi mwenzake, mpishi wa shule, mama wa makamo. Mwizi alikuwa amempokonya mkoba sokoni, naye akabaki amesimama, mkono umenyooka, kama bado ameushika. Hakutaka mkanda wa rangi yoyote. Alitaka mkono wake uamke. Alikuwa wa ishirini na sita.

"Kaka Radi, nipe siri," alimwambia mlangoni.

Hapo ndipo angesema ukweli. "Mazoezi tu, dada," akajibu. "Na kutuliza moyo."

Mwezi mzima mpishi alituliza moyo. Kila alfajiri mumewe alimdondoshea mwiko, mpaka mwiko ukapasuka. Ishirini na sita ileile.

Jumatano akaingia kibandani kwa fundi, akaweka mezani nguo zake nyeupe za karate, ambazo fundi mwenyewe ndiye aliyezishona.

"Nikatie vitambaa vya kushikia sufuria, kaka. Pamba yake nzito, sitaungua."

"Kwa nini, dada?"

"Kama wewe na mvi zako umefika tisa kwa mazoezi na moyo, basi mimi nimeumbwa gogo. Acha nikawe gogo jikoni kwangu."

Fundi alifungua mkasi, akauweka juu ya mshono. Mkono ukakataa. Uso ukamwaka mpaka masikioni.

"Mimi sina wepesi wowote," alisema. "Namtazama mwalimu koo. Akimeza mate, najua anaachia." Akaeleza yote, akiuambia mkasi, maana hakuweza kumtazama mtu usoni.

Mpishi alizivuta nguo kutoka chini ya mkasi. "Mwezi mzima," akasema. "Mume wangu ananiita gogo, naitikia. Nawe ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Jumamosi utasema mbele yao. Usiposema, nitasema mimi, na mimi sijui kufupisha." Akazikusanya nguo zake, akaondoka.

Jumamosi fundi alimwomba mwalimu ajifunge taulo shingoni. Vijana wakashangilia, wakidhani Radi anaongeza manjonjo. Rula ikaachiwa, ikapiga sakafu. Ikaachiwa tena, ikapiga sakafu. Kelele zikafa. Ndipo akasema, neno moja moja, kama mtu anayejitoa miiba.

Mwalimu alijishika koo juu ya taulo. "Kusoma dalili za mwenzako ni nusu ya mchezo," alisema polepole. "Kwa hilo ningekusifu. Lakini huyu dada alipokuuliza, ulimjibu nini?"

Fundi akatazama vidole vyake vya miguu, na ukumbi mzima ukavitazama pamoja naye.

Mpishi alimpita, amevaa nguo zake nyeupe, akanyoosha mkono chini ya rula. Ishirini na tano.

"Umepunguza moja!" vijana wakapiga makofi.

"Nimepunguza moja," alisema, akageuka kumtazama fundi kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Haya, kaka. Panga foleni nyuma yangu."

Fundi akaenda nyuma yake, uso bado unamwaka, akasubiri zamu.