Kola ya Rangi ya Machungwa

Kila ninaponusa nguo ya pamba ikipigwa pasi ya makaa, narudi Silanga, mtaa wetu wa zamani kule Kibera. Siku hizi wazazi wangu wanaishi Riruta Satellite na nyumba ina stima, lakini Mama hajawahi kuiamini pasi ya umeme. Jumamosi huwasha makaa, hutandika blanketi juu ya meza, kisha hunyoosha kanzu nyeupe za kanisa moja baada ya nyingine. Moja kati yake ina kola iliyoingia rangi ya machungwa, imefifia lakini haitoki. Hiyo ni ya Baba, na ole wako uitie dawa ya kung'arisha nguo!

Ngoja niwaambie kola hiyo ilivyopata rangi. Nilikuwa na mkono wangu katika mambo yale, na jamaa zetu wakikutana mpaka leo hawanipi nafasi ya kupumua.

Baba alikuwa fundi wa mbao, lakini yeye mwenyewe ungemuuliza kazi yake angekuambia anapiga ngoma kanisani. Kanisa letu lilikuwa Kawangware. Jumapili tulitoka Kibera kwa miguu, bendera mbele, ngoma ya Baba katikati, na sisi watoto nyuma tukijikwaa kwenye kanzu zetu. Mbwa wote wa njiani walitujua.

Kisha Baba akaanza kukohoa. Alisema ni vumbi la mbao, nasi tukakubali, maana vumbi kweli lilikuwepo hadi kwenye ugali. Asiyekubali alikuwa Mama Brayo, jirani yetu muuza sukuma wiki, ambaye pia alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Alikuwa akimsikia Baba usiku kupitia ukuta wa mabati.

"Baba Achi, hiyo si vumbi," alimwambia. "Vumbi haiwezi kukukondesha hivo. Chukua hii kopo, asubuhi ukiamka utoe makohozi, tupeleke kliniki."

Majibu yakatoka: TB. Kumbe kliniki ikimpata mtu mmoja haiishii kwake peke yake. Jina lake lazima liandikishwe, na wote wanaolala naye nyumba moja lazima waangaliwe. Basi Mama Brayo akatupanga mstari mimi, Mama na mdogo wangu Ouma, akatuuliza maswali, akatupeleka kupimwa. Tulikuwa wazima, ila Ouma, kwa kuwa alikuwa bado mchanga, alipewa dawa ya kumkinga. Halafu Mama Brayo akaling'oa gunia tulilokuwa tumelisokomeza dirishani kwa ajili ya baridi. Nililipenda dirisha lile! Nilikuwa sijui kwamba nyumba yetu inatazamana na mashamba ya kando ya bwawa.

Baba aliambiwa asiende kanisani mpaka kliniki imruhusu, na kwamba atameza vidonge kila asubuhi kwa miezi mingi, Mama Brayo akimtazama mdomoni. Alikubali yote. Kitu kimoja tu alikataa: kanisa kujua. Aliogopa kwamba wakijua, hakuna atakayetaka kukaa karibu naye, na ngoma itapewa mtu mwingine. Tukaagizwa tuseme amepata kazi ya mbali.

Siku aliyoruhusiwa kurudi, Baba alipiga ngoma ile mpaka mabati ya kanisa yakatetemeka. Alipiga huku akilia kwa furaha, jasho likimtiririka. Wimbo ulipokwisha, mama mmoja akapiga yowe akimnyooshea kidole. Kola ya kanzu yake nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya machungwa.

Mzee Zakayo, kiongozi wetu, akaishika kola, akaitazama, kisha akatangaza kwamba Roho amemshukia mpiga ngoma na kumpaka mafuta. Kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Mimi sikushangaa hata kidogo. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kumwaga mkebe wetu wa usiku, na tangu Baba aanze vidonge, mkojo wake ulikuwa na rangi ileile. Mama Brayo alikuwa amemwambia Baba kwamba dawa ndiyo inayotia rangi mkojo na hata jasho, lakini mimi hakuna aliyeniambia. Nilijua tu kwamba Roho alianza kwetu nyumbani, na kwamba mimi ndiye niliyemwona kwanza.

Baba naye, aliyejua, akaanza kusahau. Akina mama walikuwa wakimgusa kola kabla ya kuketi. Alianza kutembea kifua mbele. Mama Brayo alipokwenda matangani kwao magharibi, akamwachia vidonge ameze mwenyewe. Sikumwona akivimeza. Alikuwa akivitazama, kisha anatabasamu na kuvirudisha juu ya kabati.

Siku chache baadaye mkebe ukarudi rangi ya kawaida. Niliingiwa na hofu kubwa. Nikambebea Mama mkebe wenyewe aone.

"Mama, Roho amemtoka Baba."

Mama aliuinamia mkebe ule. Kisha akanishika bega.

"Hiyo ni maneno ya kuombewa," alisema. "Jumapili wakiuliza nani ako na ombi, wewe inua mkono. Useme vile umeniambia."

Nikainua. Mzee Zakayo akafurahi kuona mtoto mwenye bidii, akaniita mbele. Nikasema kwa sauti yangu yote:

"Naomba tuombee Baba yangu. Mkojo yake ilikuwa na rangi ya Roho tangu aanze zile dawa za TB. Sasa ameacha kumeza, na Roho ametoka."

Kanisa zima likamgeukia Baba. Kisha nyuma kabisa mtu akashindwa kujizuia, kicheko kikapita benchi kwa benchi, watu wakashikana wasianguke. Mimi nilisimama pale nikingoja maombi. Katika watu wote, aliyekuwa akilia ni Mama peke yake, na nikadhani anaomba kuliko wengine.

Baba aliweka vijiti vya ngoma chini polepole, akasimama. Alieleza yote, akiangalia miguu yake. Alipomaliza, kicheko kilikuwa kimekwisha, na hata mimi nilijua kwamba sasa ngoma inaenda kwa mtu mwingine.

"Mimi nilisema umepakwa mafuta," Mzee Zakayo alisema. "Kuna siku nilikwambia uache dawa?"

"Hapana, Mzee."

"Basi enda umeze. Hii ngoma nani mwingine anaiweza hapa?" Akakohoa kidogo, akajifuta mdomo, kisha akashusha sauti. "Na huyo Mama Brayo wenu, anaweza kuangalia mtu wa Kawangware?"

Jioni ile Baba alimeza vidonge mlangoni, mbele ya Mama, na kesho yake akaenda kliniki kujisema mwenyewe. Rangi ikarudi kwenye mkebe. Nikawatangazia watoto wote wa ploti kwamba nimemrudisha Roho, na sikuona sababu ya kunyenyekea.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa machozi ya Mama. Alikuwa ameona nyumba zaidi ya moja pale Silanga ambako mtu alijisikia nafuu, akaacha vidonge, na majirani wakachanga pesa za jeneza. Nyumbani Baba asingemsikiliza. Mahali pekee ambapo alisikiliza ni kanisani, na Mama hakuwa na namna ya kumsema mumewe mbele ya watu. Lakini alikuwa na mimi.

Jumamosi iliyopita nilimuuliza waziwazi.

"Mama, siku ile ulinituma, sivyo?"

"Mimi?" Alinyunyiza maji kwenye kola, akaipitisha pasi kwa upole kuliko alivyofanya kwa nyingine zote. "Si ni wewe uliinua mkono."

Kutoka sebuleni tukamsikia Baba akipiga meza kwa vidole, akiuliza kanzu yake imefika wapi.