Fundi Kenga ajitaja, nyumba baada ya nyumba

Saa mbili asubuhi, kichochoro cha Mji wa Kale bado kimejaa kivuli, na Kenga Chonga amebandika sikio ukutani kama mtu anayedukua ya jirani. Anagonga kwa mpini wa nyundo. Anasogea hatua moja, anagonga tena.

"Hapa panalia debe," anasema. "Lipu imeshaachana na jiwe."

Nyuma yake amesimama Winnie Awino, afisa wa kumbukumbu za majengo, kishikwambi mkononi. Kazi yake ni kuingiza kila nyumba ya kale kwenye mfumo mpya wa vibali vya ujenzi mtandaoni: imejengwa kwa nini, ilitengenezwa lini, nani aliigusa. Kazi ya Kenga, fundi wa miaka 59, ni kumwambia ukweli.

Na ukweli wenyewe shubiri. Nyumba anazomwonyesha aliziharibu yeye.

"Nilizipiga saruji," asema bila kupepesa jicho.

Kuta za kale hapa ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Ukiziba kwa saruji, maji ya chumvi hubaki ndani, yakaozesha vichwa vya boriti zinazobeba sakafu ya juu. Nje ukuta unang'aa kama bibi harusi. Ndani ni maiti.

Kenga aliyajua hayo tangu ana miaka kumi na saba. Lakini chokaa hulowekwa shimoni kwa miezi, na lipu yake hupigwa tabaka kwa tabaka. Wenye nyumba walitaka mambo ya leo kwa kesho. Basi kazi zikafanywa siku za mapumziko, ofisi zimefungwa, bila kibali wala kipande cha karatasi.

"Karatasi ingeuliza maswali," asema.

Kwa hesabu yake, nyumba 31 kati ya mwaka 2004 na 2016.

Mei mwaka jana, mojawapo ya hizo, huko Bondeni, ilianza kupasuka mvua ikinyesha. Kenga na shemejiye Ngumbao, waliokuwa pamoja kazini miaka 22, wakaitwa kuziba ufa.

"Alikuwa akinicheka, eti nimezeeka, nashika mwiko kama kijiko cha uji," akumbuka Kenga. "Nikageuka nimjibu. Hakuna wa kujibiwa. Ukuta umemlalia."

Wachunguzi walipouliza nani aliyepiga ile lipu, hapakuwa na faili wala kumbukumbu. Kenga angeweza kunyamaza, na kweli alinyamaza. Matanga yalipoanuliwa, mkewe akamuuliza swali moja tu: "Nyumba nyingine kama ile ziko ngapi?" Kesho yake alfajiri akashika njia kwa miguu kutoka Tudor hadi ofisi ya kina Winnie kuungama, akaketi mlangoni akingoja wafungue.

Vibarazani habari haikulaza damu. Waliomwita fundi wakaanza kumwita mengine. Zamani alikosa kazi siku nne au tano tu kwa mwezi. Sasa akipata siku nane ni bahati. Nani amwite mtu anayeitangaza nyumba yako kuwa mbovu?

Asubuhi hii Zaid, muuza duka wa pembeni, anamwona na kupaza sauti wateja wasikie: "Haya jamani! Daktari aliyewaua wagonjwa amerudi kuwapima!"

Duka zima linaangua kicheko.

"Afadhali amerudi, Zaid," Kenga anamjibu. "Wengine walikimbia na sindano."

Mlango wa tatu ni wa Bi Afaf Awadh, mjane wa miaka 68.

"Sabalkheri, Bi Afaf."

"Alkheri, baba. Karibuni. Lakini kama mwaja kunitoa nyumbani kwangu, kunyweni kahawa kwanza."

Kahawa inanyweka, kisha wanapanda ghorofani. Dirishani amelala dadake, Maisara, ambaye kiharusi kilimwangusha miaka saba iliyopita. Hajashuka ngazi tangu siku hiyo. Kwenye dirisha hilo humjua kila apitaye, nani kaposa na nani kaachwa.

Kenga anakwangua lipu pale boriti inapoingia ukutani. Kidole kinazama. Akikitoa, kiganjani kuna unga wa kahawia.

Bi Afaf anauona, anamvuta fundi hadi ngazini. Nyumba ikiandikwa hatari, ghorofa ya juu lazima ihamwe mpaka itengenezwe.

"Usiandike," anamnong'oneza. "Dirisha lile ndio dunia yake. Paka juu tu, kama ulivyofanya zamani. Nani atajua?"

"Hata wenye nyumba ya Bondeni, walionipigia makofi lipu ilipokauka, hawakujua, Bi."

Anamgeukia Winnie. "Andika. Lipu ya saruji, mwaka 2011. Fundi ni Kenga Chonga."

"Na msaidizi?"

"Hakuna wa kulaumiwa ila mimi. Ngumbao alinikataza kazi hii. Nilimwambia anyamaze, achanganye saruji."

Winnie anaandika, anapiga picha, kisha anaituma palepale. Anamweleza Bi Afaf kwamba nyumba isiyo na kumbukumbu ikianguka, mawe yake hupakiwa lori yakatupwa na zege likapanda mahali pake. Iliyo na kumbukumbu huweza kupewa kibali chenye masharti: chokaa tu, mawe yaleyale, boriti mpya, na picha ya kila tabaka kabla halijafunikwa.

Lakini maombi huchukua wiki tatu kupitiwa na mhandisi. Masika iko mbali wiki tano. Kazi yenyewe, kwa makadirio ya Kenga, haipungui miezi miwili. Hakuna anayejidanganya hapo ngazini.

Kenga ana mpango wake. Wiki hizi tatu atazitumia kusimamisha nguzo za kuzuia sakafu. Chokaa amekwisha kuiloweka tangu Septemba. Kibali kikija, ataanza siku hiyo hiyo.

Bi Afaf anageuka. Anaingia ndani, anasikika akizungumza na dadake. Akitoka, macho yamemwiva.

"Jamaa wa msikitini watamshusha baada ya adhuhuri," asema, na kumtia Kenga ufunguo mkononi. "Ukifa kabla hujamrudisha dirishani, nitakudai ahera."

"Hata nikifa, Bi," Kenga anamjibu, "safari hii imeandikwa. Atakayekuja atajua pa kuanzia."